Msimu wa Kuleta Mbuzi

Kampala, 21 Januari 2024

Shangazi yangu Hortense,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naomba barua hii ikukute sokoni ukigombana na wateja, maana hapo ndipo ninapojua kuwa wewe ni mzima. Mimi sina ugonjwa. Mashine yangu ya kushona ilikuwa nao, lakini imebadilishiwa mkanda na tangu Noeli kazi haikatiki. Usiku naota maharagwe yako, nikiamka nakula mandazi.

Nimempa Rachidi barua hii, yule wa lori, kwa sababu naijua sheria yako: simu ni ya kuuliza kama mtu amefika, mambo ya kuoa na kuolewa yanaandikwa. Basi naandika.

Mchumba wangu Élisée ameongea na wazazi wake kule Mahagi, nao wamekubali. Wako tayari kuleta mbuzi wa mahari Bunia, nyumbani kwako Shari, kama inavyotakiwa, na baada ya hapo tutafunga ndoa. Mama yake ni mwanamke wa taratibu. Amesema mbuzi wasipopokelewa na watu wangu, hatakanyaga kanisani hata padri aje kumbeba. Kwa hiyo ndoa yangu yote iko mikononi mwako.

Swali langu ni la hali ya hewa. Nimekaa huku miaka mingi, nimesahau majira ya kwetu. Wageni ni watu wazima, watapanda gari pamoja na mbuzi, na ile barabara mvua ikiikasirikia tunaijua. Nimefikiria Pasaka, mwisho wa mwezi wa tatu. Nichagulie wewe siku kavu, watu wasifike na matope hadi magotini.

Usifanye uvivu kujibu.

Mtoto wako,
Fifi


Bunia, 18 Februari 2024

Fifi mwanangu,

Barua yako niliisoma kwanza nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikampigia kelele jirani Véronique aje asikie. Nimefurahi sana. Mtoto niliyemsuka nywele akilia leo analetewa mbuzi. Marehemu mama yako Léontine, huko aliko, na acheke.

Hapa tuko. Véronique amepata wajukuu mapacha na sasa hamsalimu mtu bila kumtajia majina yao. Maharagwe ya Djugu wiki moja yanafika, wiki nyingine hayafiki, kufuatana na barabara ilivyoamka. Ukipata ile dawa ya kifua ya majani inayouzwa huko, mpe Rachidi chupa mbili. Kikohozi kinatusumbua usiku.

Sasa, Pasaka. Ni nani alikupa kalenda? Sikiliza nikufundishe upya. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili ni jua, vumbi jekundu linakaa hata ndani ya chumvi, lakini gari linapita. Mwezi wa tatu mvua inabisha hodi. Wa nne na wa tano inaingia bila hodi. Wa sita na wa saba inapumzika, halafu wa nane inarudi na ndugu zake wote, inakaa mpaka wa kumi na moja. Mwaka jana lori moja lililala kwenye matope upande wa Djugu mpaka dereva akawajua watoto wa kijiji kwa majina. Unataka mama mkwe wako alale huko na mbuzi?

Tena umesahau nyumba yangu ilivyokaa chini ya mteremko. Mvua ya mwaka jana iliingia salon, pale pa kuketi wageni, viti vikaogelea. Wakwe nitawaketisha wapi, juu ya meza? Waje mwezi wa saba. Kutakuwa kukavu na maharagwe yatakuwa mapya.

Mwambie Élisée asikonde kwa miezi michache.

Shangazi yako ambaye bado ana meno yote,
Hortense


Kampala, 24 Machi 2024

Shangazi,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua kama imeshabisha. Huku pia imeanza. Hongera kwa Véronique. Mwambie majina ya mapacha nimeyapata kutoka kwa Rachidi, ambaye naye alitajiwa barabarani. Dawa ya kifua anayo. Lakini ni nani anayekohoa? Wewe katika maisha yako umekohoa tu ulipotaka watu wanyamaze.

Mwezi wa saba tumekubali. Élisée ameshaomba ruhusa kazini.

Kuna jambo moja tuliweke sawa. Wazazi wake wanauliza ni nani atakayeshika kamba ya mbuzi wa kwanza. Niliwaeleza kwamba kwetu kamba hiyo hushikwa na baba wa msichana kwa mkono wake mwenyewe, na kama baba hayupo tena duniani, hushikwa na ndugu yake mkubwa. Nikawaambia baba yangu hayupo.

Unajua kwa nini nasema hivyo. Alikwenda kwenye dhahabu ya mbali nikiwa na miaka kumi. Mama alikufa akimwita, naye hakuja hata kutupa udongo. Watu wa machimbo walisema shimo lilimwangukia, na hakuna aliyeona. Kwangu mimi lilimwangukia. Na neno nililosema kwenye matanga ya mama nalishika hadi leo: siku huyo Félicien akiingia nyumbani kwako, mimi sitaingia tena.

Basi baba yangu ni wewe. Niandikie tu kwamba utashika kamba, nimpelekee mama yake Élisée jibu.

Fifi


Bunia, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Usinilaumu kwa kuchelewa, mlaumu aliye juu. Rachidi alikaa Mahagi akingoja barabara ikauke, akaja kunikabidhi barua yako ina alama ya kiatu. Nimeifuta nimeisoma. Dawa imefika na inasaidia. Mmoja wa mapacha ameugua kidogo akapona, Véronique amerudi kuwa mtu.

Mvua ya mwaka huu ina hasira. Inaanza mchana, unasikia mabati yanapigwa, na huwezi kusema na mtu aliye kando yako mpaka jioni. Lakini nina habari nzuri. Maji hayaingii tena ndani. Nimechimbiwa mfereji. Unaanzia nyuma ya jiko, unazunguka nyumba, unamwaga barabarani. Hauendi moja kwa moja kama ya wengine. Pale juu umekunjwa kona, na kwenye kona kuna kishimo kinachomeza mchanga, ili maji yaendelee yakiwa mepesi yasile ukingo. Chini ya kishimo limewekwa jiwe bapa, sijui la nini, hata Véronique aliinama kulitazama hakuelewa. Majirani wanakuja kuuliza, nami najibu kama vile niliusomea.

Hata hivyo nimefikiria vizuri, mwezi wa saba haufai. Kuna upepo. Mwaka juzi ulibeba mabati ya watu ukayaweka shambani kwa wengine. Tena watu wote watakuwa kwenye mavuno, ni nani atakayenisaidia kupika? Tungoje jua lenyewe, mwezi wa kumi na mbili. Subira yavuta heri.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Jifunike vizuri usiku,
Hortense


Kampala, 9 Juni 2024

Shangazi,

Nakusalimu, na wote wa hapo, wakiwemo wale ambao hunitajii.

Nimemwambia Élisée kwamba safari imesogezwa tena. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mama yake ndiye aliyesema. Alimpigia simu akamwambia: nyumba inayotafuta hali ya hewa mwaka mzima haina msichana wa kutoa. Nimelia, sitakuficha. Nina miaka thelathini na nampenda mtu huyu, na ndoa yangu inazuiwa na upepo.

Nimekaa na kalenda yako ukutani. Pasaka kuna mvua. Mwezi wa saba kuna upepo. Mwezi wa kumi na mbili utaniambia kuna vumbi, mama mkwe atapiga chafya. Ngoja ngoja huumiza tumbo. Wewe ni mtu uliyeuza maharagwe chini ya mvua ya mawe na ndoo kichwani. Tangu lini unaogopa mabati ya watu? Na kuhusu kamba hukujibu.

Halafu kuna ule mfereji.

Nilisoma barua yako nikiwa kwenye mashine, nikashona mkono wa gauni mahali pa kola. Shangazi, hakuna fundi wa Shari anayechimba kishimo kwenye kona. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kuosha mchanga akitafuta dhahabu. Katika nyumba yetu ya zamani kulikuwa na mfereji kama huo, na aliyeuchimba unamjua. Na lile jiwe bapa mimi nalijua ni la nini. Kila mvua ikiisha nilikuwa nakwenda na sahani ya bati kuchota mchanga uliobaki, ilikuwa kazi yangu, hakuna aliyeruhusiwa kunisaidia. Niliamini siku moja nitaona kitu kinang'aa. Jiwe liliwekwa chini ili sahani ikwangue vizuri na mimi nisiguse tope.

Nani alikuchimbia mfereji?

Fifi


Bunia, 4 Agosti 2024

Fifi,

Nakusalimu. Mapacha wazima, mimi mzima, mvua imerudi. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuwashia nayo moto wa chai.

Unajua jibu, ndiyo maana uliuliza. Félicien alikuja mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, siku ya mvua. Hakubisha mlango wa mbele, alibisha wa jikoni. Nilidhani ni mtu anayeomba kujikinga. Alikuwa amesimama kwenye maji, mguu mmoja haukunjiki, anakohoa, na alivua kofia mbele yangu mimi dada yake kama mbele ya mtu wa ofisi. Nilimpiga kofi, kisha nikamwekea maji ya kuoga. Analala chumba cha nyuma.

Shimo lilimwangukia kweli, lakini wenzake walimchimbua. Baadaye alitaka kurudi na kitu mkononi, kitu hakikupatikana, aibu ikazaa mwaka na mwaka ukazaa mwingine. Nilimwambia hilo si jibu la kumpa mtoto. Akasema anajua.

Mvua zilipoanza aliona viti vyangu vimewekwa juu ya matofali, akauliza. Nikamwambia hapa ndipo watakapokaa wakwe wa Fifi. Kesho yake nilisikia jembe nyuma ya jiko. Kwa kifua kile alikuwa anachimba kidogo, anakaa, anachimba kidogo, anakaa.

Uliposema habari ya kamba, nilimwomba aniachie niishike mimi, tumalize. Alinijibu akiniita dada mkubwa kama utotoni, nakuandikia kama alivyosema: “Shika tu, yaya. Miye nilishakufa zamani.” Sasa niambie wewe mwenyewe, wewe unayejua taratibu. Nitashikaje kamba ya mtu aliye hai, anayekohoa nyuma ya ukuta, na kuwaambia wageni kwamba hayupo duniani? Ndoa yako ianzie kwenye uongo wangu? Watoto wako nitawatazama usoni namna gani?

Na ningekuambia ukweli, usingekuja. Ulisema neno lako mbele ya watu, nami nakujua, mtoto wewe hurudishi neno. Kwa hiyo nilitazama mbingu. Kila mwezi nilikuwa natafuta siku ambayo ninyi wawili mngeweza kuingia kwa mlango mmoja, na siku hiyo haikuwa kwenye kalenda.

Siombi msamaha kwa kumfungulia. Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni kabla hujafikiriwa. Lakini nawe nimekulea, na nikikukosa kwenye sherehe hii sina kitu kingine cha kungojea. Hivyo ndivyo nilivyo, katikati.

Shangazi yako,
Hortense


Kampala, 8 Septemba 2024

Shangazi,

Salamu. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Élisée alipouliza umesema nini, nilimjibu: mvua. Baadaye nikamwambia yote, naye akawaambia wazazi wake. Nilidhani mama yake atavunja mambo. Kwenye simu akasema baba aliyekuja amechelewa ni bora kuliko shangazi anayedanganya, na kwamba mbuzi wake hawaogopi maji.

Mimi sijui kama ni bora. Nina hasira na baba huyo na nina hasira nawe pia. Usiku namkumbuka mama, kisha nakumbuka sahani ile ya bati, na mambo hayo mawili hayakai pamoja kichwani mwangu.

Hii ndiyo njia ninayoiweza. Tutakuja mwezi wa kumi, kwenye mvua kabisa, usinitafutie siku nyingine. Tutafika Mahagi kwa wazazi wa Élisée na kungoja hapo. Félicien tangu arudi hajanisemesha, basi mfereji wake useme. Mvua kubwa ikinyesha na nyumba ikabaki kavu, atashika kamba. Maji yakiingia ndani, utaishika wewe, na yeye akae kule nyuma nisimwone. Najua si haki. Sina haki nyingine.

Uniandikie yatakayotokea. Usipige simu, kwenye simu unajua kulia. Na mara hii hali ya hewa iwe hali ya hewa.

Fifi


Bunia, 19 Oktoba 2024

Fifi mwanangu, kwa wakwe zako Mahagi,

Barua hii inaletwa na kijana wa pikipiki, nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mpe chai, na uwasalimu wazazi wa Élisée kwa heshima. Waambie chakula kiko tayari, kuku wamefungwa miguu.

Mvua uliyoitaka imenyesha. Ilianza juzi mchana, ikapumzika, ikarudi na nguvu ambayo sijaiona tangu nihamie Shari. Bwawa zima lilikuwa linashuka mteremko. Véronique ameingiwa na maji mpaka kitandani, mapacha wamelala kwangu.

Sikumwambia Félicien sharti lako mpaka mawingu yalipofunga. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza, akavaa gunia kichwani, akatoka na jembe. Nilimwona kwa dirisha la jiko anaondoa majani yaliyoziba, anasimama kukohoa, anaondoa tena. Mfereji ulijaa hadi mdomoni. Kisha nikamwona anabomoa ukingo, upande wa nyuma.

Nitakuandikia ukweli, kwa sababu uliniomba. Maji yameingia ndani ya nyumba. Salon ni pakavu, unaweza kuweka unga sakafuni. Chumba changu kikavu. Yaliingia chumba cha nyuma peke yake, anakolala yeye, kwa sababu aliyaelekeza huko kwa jembe lake. Godoro lake limelowa lote.

Nilimfokea. Nikamwambia umejikosesha kamba, mtoto alisema ndani ni ndani. Akaniambia: “Mu chumba yangu kunalala mutu moja. Mu salon kutaikala wageni ya mutoto. Kama maji ilipashwa kuingia, iingie kwangu.” Halafu akauliza kama bado ana ruhusa ya kuwasikiliza mkiimba, akiwa kule nyuma.

Kwa sharti lako, kamba ni yangu. Nitaishika ukiniambia, sitakubishia tena. Amua wewe.

Nakungoja kwa vyovyote,
Hortense


Mahagi, 20 Oktoba 2024

Shangazi,

Barua imefika kavu. Kijana amekunywa chai na anangoja hapa nimalize kuandika, kwa hiyo naandika haraka.

Nilianza kuwasomea wakwe kwa sauti, sikuweza kumaliza, Élisée akamalizia. Mama yake amekwenda kuwafunga mbuzi bila kuuliza tena.

Tunaondoka kesho alfajiri, barabara ikiwa na matope au bila. Godoro lake litolewe nje jua likitoka. Shati la kuvaa nimemletea, nilianza kulishona mwezi wa nane bila kujua nitampa au nitalichana. Kama mikono ni mirefu nitaikata hapo hapo. Sijamsamehe kila kitu, umwambie hivyo hivyo. Na umwambie kamba ni yake.

Kishimo cha kwenye kona lazima kimejaa mchanga sasa. Mtu asiuguse. Mniwekee sahani ya bati, ile ni kazi yangu.

Fifi